Geko wako si mjusi kafiri: namna ya kumshika asianguke

Jumamosi moja jioni, tukikaribia kufunga kliniki, aliingia mama mmoja mzaliwa wa Mombasa na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alikuwa amekumbatia kopo la aiskrimu lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Ndani yake, juu ya tishu za jikoni, alilala geko chui, aina ya mjusi wa kufugwa, wa manjano mwenye madoadoa meusi. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulikuwa ukiburutika.

"Ameanguka kidogo tu, daktari."

"Kutoka wapi, mama?"

"Begani kwangu. Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilijua atajishika, kwani si mjusi huyu?"

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi hapa Uingereza ninakotibu wanyama watambaao, na nalielewa vizuri. Sisi tuliokulia pwani tumemwona mjusi kafiri akikimbia darini miguu juu, na mara mojamoja akiporomoka sakafuni, pwa! Anatulia kidogo, kisha anapotelea nyuma ya kabati. Lakini yule ana gramu chache tu, hata hewa yenyewe inampunguzia kasi. Geko chui aliyekomaa hufika gramu 50 na kuendelea, na wa kufugwa wengi wao wamenenepa. Huyu akianguka, anatua kwa kishindo.

Halafu kuna vidole. Mjusi kafiri ana mikunjo chini ya vidole, na kwenye mikunjo hiyo mna vinyweleo vidogo kiasi kwamba macho matupu hayavioni. Hivyo ndivyo vinavyomnatisha ukutani bila gundi yoyote. Geko chui hana mikunjo hiyo. Asili yake ni nchi kavu zenye mawe, Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Ameumbwa kutembea chini, na vidole vyake ni vyembamba vyenye kucha. Ukimweka begani ukiwa umevaa shati laini, hana pa kushika.

Geko kishungi, aina nyingine ya kufugwa kutoka visiwa vya Kaledonia Mpya katika Pasifiki, ananata, lakini hatari yake ni nyingine: anaruka. Anatoka mkononi mwako ghafla bila kupima umbali, na mkia wake ukikatika hauoti tena. Wapo pia wadogo wepesi kama yule wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro. Hao ni wa kutazamwa tu, si wa kushikwa. Na kwa kuwa nimemtaja: yuko hatarini kabisa kutoweka, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imebanwa na orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Ukiuziwa asiye na karatasi, tafadhali usimnunue.

Sasa tumshikeje? Kaa chini. Ningeruhusiwa kukupa neno moja tu, ningekupa hilo. Kaa sakafuni, kunja miguu, tandika taulo mapajani, na mikono yako isipande juu ya kifua. Watu huja wakitaka niwafundishe kumkamata barabara asiponyoke, na mimi nawaambia kinyume chake. Geko anayebanwa huamini ameshaliwa, hivyo hujipinda na kufurukuta mpaka achomoke. Huwezi kumzuia asishtuke, ila unaweza kuhakikisha hapo chini yake ni sentimita 20 za taulo, si mita moja na nusu ya vigae.

Usimchukue kutoka juu, maana porini kinachokuja kutoka juu ni ndege. Pitisha kiganja polepole kwa ubavuni, kiingie chini ya kifua na tumbo, umnyanyue miguu yote minne ikiwa imekanyaga mkono wako. Akianza kutembea, mwache atembee: mkono wa pili mbele ya wa kwanza, kisha wa kwanza mbele ya wa pili. Dakika tano hadi kumi zatosha. Akichomoka, usimdake kwa mkia, utabaki nao mkononi.

Na kama unaogopa mijusi, usijilazimishe. Wengi wetu tulifundishwa utotoni kwamba mjusi kafiri ni wa kuuawa, na mwili haujasahau. Geko akisogea tu, mkono unaruka wenyewe. Mikono ya namna hiyo imeniletea wagonjwa wengi. Mwelekeze geko aingie kwenye kopo lenye kifuniko, kisha mtoto asiyeogopa aendelee kumshika. Kopo hilohilo litumike kila anapohamishwa chumba, hata awe ameshikwa na mtu hodari.

Geko mgeni aliyeletwa jana apewe wiki mbili za utulivu. Anayejivua gamba, ngozi ikiwa imepauka kama imepakwa unga, asiguswe. Kwa geko wanaonata, angalia vidole baada ya hapo: ngozi kuukuu ikibaki chini ya vidole hawezi kunata, ataanguka hata ndani ya tangi lake mwenyewe. Sehemu yenye unyevunyevu humsaidia kuibandua.

Narudi kwa mgonjwa wa Jumamosi. Kwenye eksirei mifupa hutakiwa ionekane myeupe kama chaki. Yake ilikuwa kama moshi, na paja limevunjika. Nilipogusa taya, lilibonyea. Nikauliza kuhusu unga wa kalsiamu. Mama akautoa mkobani, haujafunguliwa. Nyenje na funza wa unga wana kalsiamu haba, kwa hiyo geko anayelishwa hao bila kunyunyiziwa unga huo hupata matege kama mtoto. Anguko ambalo mwenzake angelivumilia likamvunja yeye. Taa ya UVB, yenye miale kama ya jua inayosaidia mwili kutumia kalsiamu, nayo ibadilishwe kwa muda ulioandikwa na watengenezaji, kwa sababu huendelea kuwaka wakati miale yenyewe imeshafifia.

Akianguka, usimnyooshe viungo wala kumlazimisha kutembea. Mweke kwenye kopo dogo lenye tishu, pa giza, pa kimya, katika joto lake la kawaida. Usimpe chakula siku hiyo, na dawa ya maumivu ya binadamu usimpe kamwe, hata tone. Damu mdomoni, kuhema mdomo wazi, kichwa kuinamia upande mmoja, mguu kuburutika, taya kwenda kombo: lolote kati ya hayo, mlete siku hiyohiyo. Kama anatembea lakini una wasiwasi, mrekodi video akiwa nyumbani kabla hujatoka. Akifika kwangu huwa ameganda kwa hofu, na hiyo video hunionyesha mguu gani anauhurumia.