Je, wajua kwa nini kompyuta na vifaa vyake hukabidhiana kumbukumbu kwa zamu?

Chukua bodi ndogo yenye prosesa ya ARM, iunganishe na kamera, kisha andika mwenyewe draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa hicho. Picha ya kwanza inatoka safi. Ya pili inakuja na kasoro ya ajabu: uso wa mtu unaonekana vizuri, lakini hapa na pale kuna vistari vifupi vya mlalo, na ndani yake hakuna uso, kuna ukuta uliokuwa kwenye picha iliyotangulia. Ukikipima kimoja, kina urefu wa pikseli 32. Kamera ni nzima, waya ni mzima, hesabu za programu ziko sawa. Ila pikseli moja ya kamera hiyo huchukua baiti 2, na 32 mara 2 ni 64. Aliyewahi kuandika draiva akiiona 64 hiyo hujua pa kwenda kutazama.

Prosesa haisomi kumbukumbu kuu, ile RAM, baiti moja moja. RAM iko mbali nayo na ni ya polepole, kwa hiyo huchota kipande kizima, kiitwacho mstari wa kache, mara nyingi cha baiti 64, na kukiweka kwenye kache, ghala dogo lililo ndani yake. Ikitaka kusoma tena pale pale, husoma nakala ya ghalani. Ikiandika, huandika kwenye nakala hiyo kwanza, na RAM hupelekewa habari baadaye. Kama prosesa ingekuwa peke yake, mambo yangeishia hapo na kila mtu angelala usingizi. Lakini kamera, kadi ya mtandao na diski nazo huandika kwenye RAM moja kwa moja, bila kupitia kwa prosesa. Utaratibu huo huitwa DMA. Usingekuwapo, prosesa ingeshinda kutwa ikibeba data kama mchukuzi wa magunia.

Basi daftari ni moja, waandishi ni wawili, na mmoja wao ana nakala mfukoni ambayo mwenzake haioni.

Kwenye kompyuta za kawaida zenye prosesa za x86, maunzi yenyewe hutatua jambo hili: kifaa kikiandika RAM, kache hupata habari. Kwenye bodi na simu nyingi za ARM, na kwenye ruta nyingi zenye prosesa za MIPS, kache haiambiwi kitu. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayopaswa kusema waziwazi: sasa kumbukumbu hii ni ya kifaa, sasa imerudi kwa prosesa. Hilo ndilo jibu fupi la swali letu. Jibu refu ni namna kerneli inavyoyasema maneno hayo, na hapo ndipo penye fundisho kwa kila anayebuni kiolesura cha programu, yaani amri ambazo programu nyingine huziita.

Fuatilia pakiti moja ya mtandao. Draiva inatenga bafa, yaani eneo la kupokelea data, ya baiti 2048 kwenye RAM na kuiambia kadi ya mtandao: pakiti itakayofika, iandike hapa. Muda mfupi kabla, prosesa ilikuwa imeijaza bafa hiyo sifuri tupu, na baadhi ya sifuri hizo bado ziko kwenye kache, hazijashuka RAM. Pakiti ya Etheneti ya baiti 1514 inafika na kadi inaiandika. Kama bafa inaanzia mwanzoni mwa mstari wa kache, pakiti hiyo imelala juu ya mistari 24. Kisha kache inajaa. Prosesa inatafuta nafasi, inaitoa mistari yake ya zamani, na zile sifuri zinashuka RAM na kuifunika pakiti ambayo ilikwisha kufika salama. Kwa hiyo, kabla ya kukabidhi, kerneli lazima iisafishe kache: kilichoandikwa kishuke RAM sasa, kisije kushuka baadaye.

Je, usafi huo wa mara moja unatosha? Hautoshi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Prosesa za kisasa hubashiri. Zikisoma kipande kimoja, huvuta na cha jirani kwa kudhani kitahitajika. Wakati kadi ingali inaisubiri pakiti, prosesa inaweza kuvuta mistari kadhaa ya bafa ileile bila amri ya programu yoyote. Pakiti ikiandikwa baada ya hapo, nakala iliyovutwa imeshakuwa ya kale. Kwa hiyo bafa ikirudi, nakala yake iliyo kwenye kache lazima itupwe. Ni kama askari wa lindo wanaopokezana: anayetoka huandika na kutia saini, na anayeingia naye hukagua na kutia saini. Saini moja si makabidhiano.

Sasa tazama violesura. Katika matoleo ya zamani ya kerneli ya Linux, kazi hii ilikuwa na amri moja ya kusawazisha, pci_dma_sync_single. Ilieleza data inaelekea upande gani, lakini haikueleza nani anampa nani zamu. Kwa kweli ilikusudiwa kwa prosesa inayopokea, na kifaa kinachorudishiwa bafa hakikuwa na amri yake. Enzi za toleo la 2.6 ikagawanywa, na leo draiva huita dma_sync_single_for_cpu au dma_sync_single_for_device. Maneno ya mwisho ya jina ndiyo yanayobeba uzito wote: hii ni kwa ajili ya prosesa, hii ni kwa ajili ya kifaa. Anayesoma msimbo baada ya miaka kumi hahitaji kufungua mwongozo ili ajue bafa iko mikononi mwa nani baada ya mstari ule. Naliona hilo kuwa moja ya mabadiliko madogo yenye busara kubwa kabisa katika kerneli hiyo, kwa sababu liliondoa swali ambalo kila mwandishi wa draiva alilazimika kujijibu peke yake.

Uangalifu huohuo umo katika maneno ya mwelekeo. Neno "kusoma" lina mtego: programu ikisoma diski, kwa upande wa RAM ni diski inayoandika. Nani anasoma, basi? Wabunifu wa Linux waliepuka kusoma na kuandika, wakaweka DMA_TO_DEVICE, kuelekea kwenye kifaa, na DMA_FROM_DEVICE, kutoka kwenye kifaa. Utasimama upande wowote, maana ni ileile.

Halafu kuna stakabadhi. Draiva inapokabidhi bafa kwa dma_map_single, inarudishiwa namba ya aina yake, dma_addr_t. Namba hiyo si anwani ambayo prosesa inaweza kuifuata ikasome kitu. Ni anwani kwa macho ya kifaa, na kwenye mashine yenye IOMMU, kitengo kinachotafsiri anwani za vifaa, inaweza kuwa tofauti kabisa na mahali halisi pa RAM. Siku ya kuichukua bafa isirudi tena kwa kifaa, kwa dma_unmap_single, unairudisha stakabadhi ileile, ukubwa uleule, mwelekeo uleule. Na kabla ya kuitumia ni wajibu kuikagua kwa dma_mapping_error, kwa maana makabidhiano yanaweza kukataliwa. Kwa kuipa stakabadhi aina yake, kiolesura kinakukumbusha kwamba kitu ulichokuwa nacho sasa hivi hakiko tena mkononi mwako.

Ugumu wake mkubwa ni kwamba kosa halipigi kelele. Kwa kuwa kwenye x86 maunzi hulinganisha yenyewe, amri hizi za kusawazisha huko mara nyingi hazifanyi karibu chochote. Mtu anaandika draiva kwenye kompyuta yake, anasahau mstari mmoja, anaijaribu siku nzima, inafanya kazi. Draiva hiyohiyo inapelekwa kwenye ruta au bodi ya ARM, na data inaharibika mara moja katika maelfu. Ndiyo maana mwaka 2009, katika toleo la 2.6.30, Linux iliongezewa mkaguzi, CONFIG_DMA_API_DEBUG. Ukimwasha, hutunza rekodi ya kila stakabadhi na kulalamika hata kwenye x86 ukirudisha ukubwa usiolingana, mwelekeo uliogeuka au bafa ambayo hukuwahi kuikabidhi. Anayeandika draiva bila kumwasha anajinyima shahidi wa bure.

Majirani nao huumia. Ikiwa bafa ndogo imekaa ndani ya mstari uleule wa baiti 64 pamoja na data nyingine, kuutupa mstari ni kumtupa na jirani. Kwa sababu hiyo kwenye ARM ya biti 64, kwa miaka mingi, ombi la baiti 8 tu lilipewa kipande cha baiti 128. Na kwa sababu hiyo hiyo ilikatazwa kukabidhi kifaa kumbukumbu ya rafu ya muda ambamo programu huweka vitu vyake vya kupita. Katazo lilikuwa limeandikwa, ila draiva nyingi, hasa za USB, zililipuuza kwa kuwa mambo yalikwenda. Mwaka 2016, toleo la 4.9 lilipoleta rafu za kerneli zilizopangwa kwa njia mpya, VMAP_STACK, draiva hizo zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine na zikabidi kurekebishwa. Katazo lililo kwenye karatasi tu lilikuwa limevunjwa kimyakimya muda wote huo.

Wakishika watatu, wanne, ndipo shughuli inapokuwa pevu. Simu inaporekodi video, kamera huandika picha, kitengo cha kubana video huisoma, na kioo nacho huionyesha, pengine picha ileile bila kunakiliwa hata mara moja. Linux hutumia dma-buf, iliyoingia toleo la 3.3 mwaka 2012. Humo programu ya kawaida ikitaka kuigusa picha hutangaza mwanzo wa kugusa na mwisho wake, na vifaa vyenyewe husubiriana kwa alama za "nimemaliza".

Mimi naweka tumaini langu kwenye Rust, lugha iliyoanza kukubalika ndani ya Linux kuanzia toleo la 6.1, Desemba 2022. Ndani yake ukishampa mwingine kitu, kikusanyaji cha msimbo hukataa ukiguse tena. Makabidhiano ya kumbukumbu yanaweza kuandikwa kwa namna hiyo, kosa likajulikana kabla draiva haijawashwa hata mara moja. Kifaa chenyewe hakisomi Rust, hilo ni kweli, lakini makosa mengi tuliyoyataja yalifanywa upande wa prosesa.

Turudi kwa kamera. Draiva ile ilikabidhi bafa mara moja tu, mwanzoni, kisha ikawa inaitumia kwa kila picha. Prosesa ilipoisoma picha ya kwanza, ilibaki na mistari yake kwenye kache. Ya pili ilipoandikwa RAM, mistari iliyokuwa imekwisha kutoka ilisomwa upya, na iliyobaki ilitoa ukuta wa zamani, katika vistari vya pikseli 32. Dawa ni mistari miwili ya msimbo ndani ya mzunguko: dma_sync_single_for_device kabla ya kuiamuru kamera, na dma_sync_single_for_cpu baada ya kamera kusema imemaliza.