Muuguzi wa tiba ya Kichina: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Ni mganga wa mitishamba aliyevaa koti jeupe.

Sivyo. Nchini China, muuguzi wa hospitali ya tiba asilia hufanya mtihani uleule wa leseni wa taifa wanaofanya wauguzi wote, na Kanuni za Wauguzi zilizoanza kutumika tarehe 12 Mei 2008 zinamhusu sawasawa na mwenzake wa hospitali nyingine. Wodini anatundika dripu, anapima presha, anafunga vidonda. Juu ya hayo amesomea kuumika, yaani kubandika vikombe vinavyovuta ngozi (watu wa pwani wanaoijua chuku na hijama hawatashangaa), kukwangua ngozi na kufukiza kwa pakanga, mmea wa dawa unaochomwa ili joto lake lifike kwenye ngozi. Amebeba elimu mbili, na kumwita nusu mganga nusu nesi ni kumvunjia heshima.

Dhana: Kazi yake ni kumshikia daktari sindano.

Ni kweli kwamba sindano nyembamba za tiba ya Kichina, zinazochomwa na kuachwa mwilini kwa muda, huchomwa na daktari. Lakini daktari akishahamia kitanda kingine, anayebaki na mgonjwa ni muuguzi. Anamwangalia uso kama umepauka, kama kijasho kimeanza kumtoka, maana wapo wanaozimia sindano zikiwa bado mwilini. Zikitolewa, anazihesabu moja moja isije ikasahaulika hata moja.

Na mtazame anapofukiza. Pakanga kavu imesagwa na kuviringishwa kwenye karatasi kama sigara nene. Anaiwasha, anaishika kiasi cha sentimita 3 juu ya ngozi, anakung'uta majivu kabla hayajaanguka. Sasa mgonjwa ana kisukari, miguu imeingia ganzi. Hata akiungua hatajua. Muuguzi anaweka kidole cha shahada na cha kati huku na huku ya mahali panapofukizwa, ili joto alisikie yeye kwa niaba ya mgonjwa. Ngozi ikianza kuwa nyekundu kidogo, anasogeza moto. Kwangu mimi, anayeona hapo kazi ya msaidizi tu hajatazama vizuri.

Dhana: Wagonjwa wote hupewa dawa ileile ya kuchemsha na ushauri uleule.

Matunzo hufuata hali ya mtu. Wawili wanakohoa: mmoja anatetemeka kwa baridi, mwingine koo linawaka na makohozi ni ya njano. Wa kwanza ataambiwa anywe dawa ikiwa ya moto, apate na tangawizi. Wa pili ataambiwa aepuke pilipili, ale peasi. Huko kugawa maradhi kuwa ya baridi na ya joto ni mapokeo ya kale, na muuguzi huyohuyo anapima homa kwa kipimajoto.

Dhana: Wenyewe wanaiona kazi ya chini.

Kichina muuguzi ni *hushi*. Neno hilo lilipendekezwa mwaka 1914 na Zhong Maofang, muuguzi aliyesomea Uingereza: *hu* ni kutunza na kulinda, *shi* ni mtu msomi. Wachina pia husema tiba ni sehemu tatu, matunzo ni saba. Muuguzi aliyelelewa na maneno hayo ana kila sababu ya kujivunia kazi yake.

Kinachochosha ni muda. Kufukiza sehemu moja tu huchukua dakika 10 hadi 15, na dakika hizohizo dripu ya kitanda cha jirani inakaribia kwisha.