Gerila si gorila

Kukizuka mapigano mashariki mwa Kongo, hakosi mtu wa kuandika "vita vya gorila". Kwenye hifadhi ya Virunga, hukohuko, kuna gorila kweli, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza wanyama wale wamepata wapi bunduki.

Gerila ni mapigano ya vikundi vidogo vinavyovizia, kupiga na kutoweka, vikikwepa kukutana na jeshi kubwa uwanjani. Maana ni hiyo tu. Utamu uko kwenye asili.

Kihispania huandika *guerrilla*, na hutamka "gerriya": u haisikiki, ll husomeka kama y. *Guerra* ni vita. *-Illa* ni kiambishi cha udogo, kama kiji- yetu kwenye kijito. Yaani kijivita. Neno lilivuma baada ya Napoleon wa Ufaransa kuivamia Hispania mwaka 1808. Mpiganaji wa Kihispania Juan Martín Díez, aliyejulikana kama El Empecinado, alianza kwa kuwavizia matarishi wa Wafaransa kwenye njia ya Madrid na Burgos. Waingereza waliokuwa wakipigana huko chini ya jenerali wao Wellington wakalichukua neno, lakini wakalibandika kwa wapiganaji wenyewe. Mhispania hafanyi hivyo: kwake guerrilla ni mapigano au kikosi, mpiganaji ni *guerrillero*, na mwanamke *guerrillera*.

Hiyo *guerra* nayo si ya Kilatini, maana Kilatini kilisema *bellum*. Imetoka kwa makabila ya Kijerumani, *werra*, yaani vurugu. Shina hilohilo, kwa kupitia Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza, ndilo lililowapa Waingereza *war*. Kwa hiyo Mwingereza anaposema *guerrilla war*, anataja mzizi mmoja mara mbili bila kujua.

Gorila ana ukoo mwingine kabisa. Mmisionari Mmarekani Thomas Savage alimpa mnyama jina hilo mwaka 1847, akilitoa kwenye maandishi ya Kigiriki ya safari ya Hanno, baharia wa Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, yanayotaja viumbe wenye manyoya walioitwa *Gorillai*. Kinachofanana ni matamshi ya Kiingereza tu, na sisi tumeyaokota hukohuko.

"Vita vya msituni" nayo ni tafsiri nzuri pale penye msitu. El Empecinado alivizia barabarani. Pasipo na msitu, "vita vya kuvizia" inatosha. Ukipenda neno la kigeni, andika "wapiganaji wa gerila", kwa e.