Kutafuta wanyama Karura baridi inapoelekea kuisha

Wakazi wengi wa Nairobi huukwepa msitu wa Karura, ulio jijini humo, miezi ya baridi: ukungu, manyunyu, matope hadi kwenye kifundo cha mguu. Kwa anayetaka kuona wanyama, hata hivyo, Agosti ndiyo ninayoipendekeza kuliko Januari. Jua la Januari likishapanda, kufikia saa tatu asubuhi wanyama wengi wa Karura wameshajificha kivulini. Agosti mawingu huweza kutanda hadi karibu adhuhuri, na wao huendelea kula na kutembea. Isitoshe, ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia bado hawajafika, kwa hiyo karibu kila sauti unayoisikia ni ya mwenyeji. Anayeanza kujifunza sauti za ndege hapati msimu mwepesi kuliko huu.

Msitu una zaidi ya hekta 1,000, na kosa la kwanza ni kutaka kuzimaliza. Chagua kipande chenye miti ya asili, mihugu na mikinduri, uachane na mashamba ya mikaratusi, ambako chakula na maficho ni haba. Kilomita moja na nusu kwa saa mbili inatosha kabisa. Tembea hatua ishirini, kisha simama dakika nzima. Vaa sufi au pamba nzito. Koti la nailoni hupiga kelele kila mkono unapopita ubavuni, na paa huisikia kabla hujamwona.

Paa ndiye anayewapita watu wengi zaidi. Kimo chake begani ni kama sentimita 35, uzito kilo tano hivi, na kinga yake ya kwanza ni kuganda. Ukipita bila kusimama, ataendelea kuganda mpaka utokomee. Ukisimama, baada ya muda huanza kupunga mkia kushoto na kulia, na ni mkia huo unaomfichua. Usitafute umbo la swala, basi. Tafuta kitu kidogo kinachopunga karibu na ardhi, nyuma ya kichaka.

Njia ya mkato ni kuwafuata kima. Wakila juu, matunda na majani hudondoka, na chini yao huja paa na funo kuokota. Simama mita ishirini hivi kutoka kwenye mti wenyewe, upepo ukikupiga usoni, na uangalie chini badala ya juu. Sikiliza pia dume la kima linavyolia. Sauti fupi kali zinazofuatana haraka mara nyingi humaanisha tai, na hapo ndipo pa kuinua macho: Karura huonekana tai mwenye kishungi, mwindaji wa kima na hata wa paa.

Mugumo, mti wa jamii ya mitini, ukizaa, kaa hapo hapo. Migumo haizai yote kwa wakati mmoja, hivyo hata mwezi huu huenda kuna mmoja wenye matunda, na msitu mzima unaujua. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona, maana mbawa zake huvuma. Kulukulu ni kinyume chake: akitulia tawini, ukijani wake humezwa na majani. Msubiri aruke, mbawa zifunguke nyekundu ya damu. Rangi hiyo ina madini ya shaba ndani yake, jambo ambalo bado linanistaajabisha.

Mbega walirudishwa hapa kuanzia 2014, wakitolewa Kipipiri, kaunti ya Nyandarua. Majani wanayokula huwapa nguvu kidogo, kwa hiyo asubuhi ya baridi huketi vileleni wakiota jua badala ya kuhangaika. Mawingu yakipasuka, kagua vilele upande wa mashariki. Ukiona kitu cheupe kitupu kifuani mwa mama, ni mtoto mchanga. Weusi huja baadaye.

Darubini ya 8x42 inafaa kuliko ndogo ya 10x25, na sababu ni hesabu tu. Namba ya kwanza ni mara inavyokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita: gawanya 42 kwa 8, mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5.25, ile nyingine ni 2.5. Chini ya miti, siku ya mawingu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaona jicho la mnyama au doa jeusi. Usiifiche ndani ya koti. Mvuke wa jasho hugeuka ukungu kwenye lenzi baridi.

Matope nayo ni ya kusomwa. Kwato mbili zilizochongoka mbele, urefu kama sentimita tano, huenda ni za pongo. Akishtuka hubweka kama mbwa. Udongo uliofukuliwa ovyo ni kazi ya nguruwe mwitu usiku. Vidonge vidogo vyeusi vilivyorundikwa mahali pamoja ni alama ya mpaka wa eneo la paa. Rundo la kinyesi kikubwa lenye mbegu na vipande vya magamba ya jongoo ni choo cha fungo, naye hurudi palepale, kwa hiyo kumbuka mahali hapo.

Kima wasipewe chakula, hata ganda la ndizi. Aliyezoea kulishwa hukaa njiani akisubiri mifuko, na ukimfuata yeye hatakupeleka kwenye mti wowote wenye matunda.