Je, wajua kwa nini mataifa mengi huongea kwa sauti ya chini serikali inapolifutia jimbo mamlaka yake ya ndani?

Agosti 5, 2019, serikali ya India iliifuta hadhi maalumu ya Jammu na Kashmir, jimbo la kaskazini ambalo Pakistan nayo inalidai, iliyotokana na Ibara ya 370 ya Katiba. Jimbo hilo lilikuwa na katiba na bendera yake, na watu wa nje hawakuruhusiwa kununua ardhi. Oktoba 31 likagawanywa maeneo mawili chini ya serikali kuu. Simu na intaneti zilikatwa, na hata waliowahi kuwa mawaziri wakuu wa jimbo waliwekwa kizuizini. Intaneti ya 4G haikurudi kote hadi Februari 2021. Kwa mwananchi aliyeshindwa kumpigia mama yake simu, hayo hayakuwa mambo ya vitabuni.

Dunia ilisemaje? Kwenye diplomasia kila neno limepimwa, kwa hiyo tuanze na maneno yenyewe. Balozi wa Falme za Kiarabu mjini New Delhi alisema ni "suala la ndani", yaani hatuingilii. Msingi wake ni Ibara ya 2(7) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayokataza Umoja huo kuingilia mambo ya ndani ya nchi. Anayesema "suala la pande mbili" anazitaka India na Pakistan zimalizane zenyewe, kama zilivyokubaliana Simla mwaka 1972. Anayetaja "maazimio ya Baraza la Usalama" anaipa nguvu hoja ya Pakistan, kwa sababu Azimio namba 47 la 1948 lilitaka wakazi wapige kura kuamua waende nchi ipi. António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, katika tamko lake la Agosti 8, aliyataja yote mawili, Simla na maazimio. Kila upande ukapata neno lake.

Pakistan ilimfukuza balozi wa India na kusimamisha biashara. China nayo ilipinga, lakini hoja yake kubwa ilikuwa mpaka wake upande wa Ladakh, sehemu ya mashariki ya jimbo hilo. Agosti 16 Baraza la Usalama likakaa faragha. Kikao cha namna hiyo hakina kumbukumbu rasmi, na hata taarifa fupi kwa waandishi haitoki mpaka wajumbe wote 15 wakubali. Azimio ndilo gumu zaidi: linahitaji kura 9, na asiwepo hata mmoja kati ya wale watano wa kudumu anayetumia kura ya turufu. Hakuna taarifa ya pamoja iliyotoka.

Halafu kuna soko. Mahathir Mohamad, waziri mkuu wa Malaysia wakati huo, alisema kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwamba India imeivamia Kashmir. Wanunuzi wa India wakaanza kuyakwepa mafuta ya mawese ya Malaysia, na Januari 2020 serikali yao ikaweka vizuizi kwa yale yaliyosafishwa. Mkulima wa mbaazi wa Karatu au Babati anaujua uzito wa soko hilo. India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kutoka nje mwaka 2017, bila ugomvi wowote na Tanzania, bei huku ilianguka vibaya. Waziri wa mambo ya nje anayapima hayo kabla ya kushika kalamu.

Afrika tuna mfano wetu, tena mchungu. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia kama shirikisho mwaka 1952 kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Novemba 1962 Haile Selassie akalivunja, na Umoja huo haukuchukua hatua. Marekani ilikuwa na kituo cha mawasiliano ya kijeshi Asmara. Mei 1963 wakuu wa Afrika wakakutana Addis Ababa kuunda OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwaka uliofuata, Cairo, wakaapa kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Vita vya Eritrea vya kudai uhuru viliisha 1991.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Mahakama ya Afrika hapa Arusha huutumia, unatoa haki ya kujiamulia katika Ibara ya 20. Kwenye shauri la Katanga, jimbo la Zaire (Kongo ya leo), mwaka 1995, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilieleza kuwa haki hiyo inaweza kutimizwa kwa shirikisho au kwa mamlaka ya ndani bila kuvunja nchi. Serikali inayofuta mamlaka hayo inaifunga njia hiyohiyo ya kati, na matamko mengi ya 2019 hayakuligusa hilo kabisa.