Injini ya ioni: usihofie udogo wa nguvu, hofia wavu

Mwambie fundi yeyote wa Lubumbashi kwamba kuna injini inayokula kilowati 2.3 za umeme halafu inasukuma kwa milinyutoni 91 tu, yaani uzito wa gramu 9 hivi hapa duniani. Atacheka, na ana haki. Lakini ndiyo iliyoifikisha Dawn, chombo cha anga cha NASA, kwenye asteroidi Vesta mwaka 2011, ikaing'oa huko, ikaipeleka hadi sayari kibete Ceres mwaka 2015.

Siri iko kwenye mwendo wa kile kinachotoka nyuma. Roketi ya kemikali hutoa gesi kwa km 3 hivi kwa sekunde. Injini ya ioni hurusha gesi ya zenoni kwa km 30: Likasi ungefika kwa sekunde nne. Chukua chombo cha kilo 750 kinachotakiwa kubadili mwendo wake kwa km 11 kwa sekunde. Kwa zenoni utabeba kama kilo 330. Kwa kemikali, zaidi ya tani 28, na matangi bado hatujayahesabu.

Ndani ya chemba ya injini, kathodi (kipande kinachotoa elektroni) hupashwa moto kwanza, kisha elektroni zake hugonga atomi za zenoni na kuzigeuza ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni na kubaki na chaji chanya. Ioni hupita kwenye nyavu mbili za metali ya molibdeni zenye maelfu ya matundu, nafasi kati yake haifiki milimita moja. Wavu wa ndani una volti 1,100 hivi, wa nje uko chini ya sifuri, karibu hasi 200. Tofauti hiyo ndiyo inayozirusha. Nje kuna kathodi ya pili inayomwaga elektroni kwenye mkondo. Ikizimika, chombo hujaa chaji hasi na kuzivuta ioni zirudi.

Sasa balaa. Atomi ambazo hazikupata chaji hujikokota hadi kwenye nyavu. Ioni yenye mbio huipokonya atomi kama hiyo elektroni, na ioni mpya, isiyo na mwendo, huvutwa na wavu wa nje na kuugonga. Kila pigo hung'oa molibdeni kidogo. Matundu yakipanuka mno, elektroni za nje hurudi ndani na injini imekwisha. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini ni saa za kazi: injini ya akiba ya Deep Space 1, chombo kingine cha NASA, ilijaribiwa duniani kwa saa 30,352, ikamaliza kilo 235 za zenoni.

Chembe moja ya uchafu kati ya nyavu nayo inatosha kuleta shoti. Novemba 1998 injini ya Deep Space 1 ilizimika baada ya dakika nne na nusu. Wahandisi waligeuza chombo juani na kivulini ili nyavu zitanuke na kusinyaa. Baada ya wiki mbili ikawaka.

Kuhusu umeme, kumbuka tu kwamba ukiwa mbali na Jua mara tatu kuliko Dunia, paneli za jua zinazoilisha injini hupata mwanga sehemu moja ya tisa. Dawn ililazimika kupunguza msukumo.

Hayabusa, chombo cha Japani chenye injini za ioni, kilikwama kwenye kathodi za nje. Mwishoni mwa 2009, kikirudi kutoka asteroidi Itokawa, wahandisi waliunganisha kathodi ya nje ya injini A na chemba ya injini B, kwa kupitia diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyowekwa kabla ya kurushwa. Zenoni ilitumika ya injini mbili, msukumo ulikuwa wa injini moja. Kapsuli yake ilitua Australia Juni 2010.