Pimbi si panya, na wala si mjukuu wa tembo

Juzi Seronera, katikati ya Serengeti, tumekaa tunakula mchana, mgeni wangu akanyoosha kidole kwenye mwamba: "Kaka, mbona panya wa huku wamenenepa hivi?" Nikaweka paja la kuku chini. Nimeshaacha kuhesabu.

Panya hubeba mimba wiki tatu. Pimbi, mnyama wa kilo tatu au nne, hubeba miezi saba na zaidi, na mtoto huzaliwa macho wazi, manyoya mwili mzima. Vijipembe vyake vya juu ni meno ya mbele, kama pembe za tembo. Za ngiri ni chonge. Korodani hazishuki, zimejificha tumboni karibu na figo, kama za tembo. Hapo wanaume hunyamaza kidogo.

Na hapo ndipo dereva mwenzangu hudakia: "Ndiyo maana tunamwita mjukuu wa tembo!" Huyu hunikera kuliko wa panya. Tembo hakumzaa pimbi, wala pimbi si tembo aliyesinyaa. Kule Fayum, Misri, yamechimbwa mabaki ya pimbi wa kale wakubwa kama farasi. Pimbi na tembo wana babu mmoja, basi, aliyeishi makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na nguva naye ni wa ukoo huohuo. Nani kati ya hao watatu wamekaribiana zaidi? Mifupa inasema tembo na nguva. Vinasaba vinababaika, maana koo hizo ziliachana karibu kwa mpigo. Mimi wageni nawaambia tembo na nguva, tena kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Kuna na wa Walawi 11:5: wibari, yaani pimbi huyuhuyu, hucheua. Sibishani na Maandiko garini, lakini nimemkodolea macho sana pimbi. Taya linakwenda huku na huku, mdomoni hamna kitu, na hakuna kinachorudi kutoka tumboni. Aliyemtazama kwa mbali simlaumu.

Nilikuwa bado naeleza hayo pimbi mmoja aliposhuka, akanyakua ganda la ndizi mguuni pa mgeni na kupanda nalo mwamba uliosimama wima. Nyayo zake zina jasho, hunata kama mpira uliolowa.

"Duh," mgeni akasema, "panya huyu anajua kupanda!"